Salamu Nilizoziacha Rinkeby

Mimi ni mtu wa salamu. Nimezaliwa Morogoro kwa mama ambaye akienda sokoni kununua nyanya, sisi nyumbani tulijua chakula cha mchana kitaliwa jioni. Njiani alimsalimia kila mtu, na kila mtu alikuwa na mume, watoto, shangazi, kuku na goti linalouma, na wote hao, goti likiwemo, lazima waulizwe hali. Mimi nilirithi domo lake lote. Uzuri wake sikuupata, lakini domo, namshukuru Mungu, lilikuja zima zima.

Sasa hebu fikiria mtu wa namna hiyo umtupe Stockholm. Wiki yangu ya kwanza katika mtaa wa Akalla niliingia kwenye lifti na jirani, nikamsalimia, nikamuuliza ameamkaje. Maskini ya Mungu, alikodolea macho vitufe vya lifti mpaka tukafika ghorofa yake. Baadaye nilizoea. Nilipata kazi ya kuhudumia wazee, nikawavalisha soksi, nikawalisha uji, nikasikiliza habari za ujana wao. Wale walinisalimia vizuri, maana na wao hawakuwa na mtu. Lakini nikirudi nyumbani, ukimya ulinikalia kifuani. Nilikuwa nawasha redio ya Kiswidi hata kabla sijaelewa wanasema nini, ili tu pawe na mtu anayeongea.

Kilichoniponya ni Jumamosi. Kina mama wa Kiswahili tulikuwa tunakutana katika chumba cha mikutano pale Rinkeby, ghorofa ya chini ya jengo la kupanga. Tulikuwa Wakenya, Watanzania, Waganda, Wakongo na Mrundi mmoja mpole, kila mmoja na Kiswahili chake, tukichekana matamshi na kupikiana. Ukiingia pale hukai kwanza. Unazunguka chumba kizima, mkono kwa mkono, na kwa kila mkono unauliza: watoto hawajambo? Waume unaweza kuwaruka, maana wengine walishapotelea kusikojulikana, lakini watoto huwaruki. Usipouliza watoto wa mtu, umemtukana. Mimi sina mtoto. Mimi waliniuliza, "Wazee wako hawajambo?" wakimaanisha wale vikongwe wa kazini, nami nilijibu kwa fahari kwamba wote wazima, ila mmoja kagoma kula.

Mwenyekiti wetu alikuwa mama wa Kiganda, mtu mzima, aliyekimbia kwao ujanani akaishi Tanzania miaka mingi kabla dunia haijamleta huku. Tanzania alionja shikamoo, ikamnogea, haikumtoka tena. Waganda wenzake walimcheka sana. Yeye alininyooshea mkono mlangoni hata koti sijavua: "Shikamoo yangu iko wapi, nnyabo?" Ndivyo Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima. Nampigia goti kidogo, "Shikamoo mama," anafumba macho kwa raha na kuivuta ile "Marahabaaa" mpaka sufuria zinapoa. Mama yangu alipofariki nikashindwa kwenda kumzika, ni yeye aliyekuja Akalla na matoke yake, akanilaza mapajani kama mtoto, akaniacha nilie nilivyotaka. Tangu hapo shikamoo yake sikuitoa kwa utani tena.

Wazo la kusomea ustawi wa jamii liliniingia taratibu. Niliona watu wetu wanaingia maofisini na shida zao, wanaulizwa hali, wanajibu "hatujambo", na wanarudi nyumbani na shida zao zile zile. Nikasema, huko ndani lazima awepo mtu anayejua kwamba mtu wetu akisema hatujambo, ndiyo kwanza anaanza kuongea. Nikaomba chuo, nikakubaliwa, umri wangu na miwani yangu, nikakaa darasani na vijana ambao ningeweza kuwazaa.

Siku niliyowatangazia wenzangu, kijiko cha mtu kilianguka. Ile ofisi ya ustawi wa jamii sisi tunaiita Soshalen, na jina lake hutajwa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Kila mtu ana hadithi yake: watoto wa fulani wamechukuliwa, mama fulani alimfinya mwanawe dukani wakamjia. Nusu ya hadithi hizo ni uzushi na nusu zimetiwa chumvi, lakini hofu yenyewe ni ya kweli kabisa. Mkenya mmoja akasema, "Ai! Kwa hivyo sasa utakuwa unatushtaki?" Mwenyekiti akamkata kauli. "Mwacheni asome. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi bora awe chawa tunayemjua." Tukaangua kicheko, na mimi nilicheka kuwapita wote. Nilikuwa chawa wao.

Mambo yaligeuka nilipokwenda fildi, mafunzo ya kazi ya chuo. Nilipangiwa ofisi inayohudumia mitaa yetu hii hii, na msimamizi wangu alikuwa mama wa Kiswidi, mwembamba, mtaratibu, asiyepandisha sauti hata akikasirika. Siku ya kwanza kabisa aliniambia huku anakoroga kahawa: ukikutana na mteja wetu nje, usimsalimie wewe kwanza. Subiri akusalimie yeye. Akitaka kukupita, mwache apite, kwa sababu walio naye wataanza kujiuliza mmejuana wapi. Alilisema kama mtu anayekuonyesha choo kilipo. Kwake halikuwa na uzito wowote. Kwa Mswidi kupishana na mtu bila neno ni adabu. Kwetu sisi kumnyima mtu salamu ni vita, watu huitiwa wazee na kupatanishwa kwa hilo. Nikamwambia nimeelewa, na nilidhani nimeelewa.

Asubuhi moja ya baridi akanituma nimlete mtu kutoka chumba cha kusubiria. Nikafungua mlango na tabasamu langu la kazini. Aliyekaa pale alikuwa mwenzetu wa Jumamosi, mama wa Kikongo, mwenye sauti kubwa kuliko sote, mwimbaji, mchekeshaji. Mume alishamwacha na watoto watatu. Mkono wake kwa wale watoto ulikuwa mwepesi mno, na yule mdogo akikosea kitu tu alikuwa anakimbia. Sote tulikuwa tunaliona hilo Jumamosi, tunasema, ah, hata sisi ndivyo tulivyolelewa, tunaomba chumvi.

Aliponiona alisimama kama anayetaka kutoka, kisha akakaa tena. "Dada," alinong'ona, "batoto yangu bananiogopa. Nimekuja mi mwenyewe, hakuna mutu amenileta. Sitaki nibaumize." Akanikamata mkono kwa nguvu. "Usiniseme kwa bale bamama. Bakijua nimejileta huku, mi nimekufa."

Alikuwa anasema kweli. Mtu aliyefuatwa na Soshalen anaonewa huruma, anapelekewa chakula. Mtu aliyejipeleka mwenyewe, na watoto wake mkononi, huyo angeitwa mwendawazimu, angetengwa, na angekata tamaa asirudi tena pale ofisini. Nami niliona wazi kwamba asiporudi, siku moja atamvunja mtoto mkono. Nikamwambia, "Dada, mimi sijakuona hapa."

Nikarudi kwa msimamizi, nikamweleza kwamba namfahamu yule mama. Mambo yake yakawekwa mbali nami, kama sheria inavyotaka. Sikuruhusiwa kusoma lolote wala kuuliza lolote. Kilichobaki ni kumwona tu Jumanne, siku aliyopangiwa kuja, pale kwenye kiti cha kusubiria, nikipita kwenda kunywa maji. Nikimwona, roho inatulia, naenda zangu.

Jumamosi iliyofuata nikaingia chumbani kama kawaida, nikazunguka, mkono kwa mkono, nikafika kwake. "Watoto hawajambo?" Lilinitoka lenyewe, jamani. Nimeliuliza swali hilo maisha yangu yote. Mkono wake ulipoa ndani ya mkono wangu. Midomo ikamcheza, macho yakakimbilia kwa wenzake kuona nani amesikia nini. "Baiko muzuri," alijibu kwa sauti ndogo ambayo si yake, na hata chakula hakula, akaaga. Jumanne kiti chake kilikuwa kitupu, na Jumanne ya pili pia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Swali lile lile la mapenzi, likitoka kinywani mwa mtu wa Soshalen, linageuka kuwa upelelezi. Na salamu yetu sisi haina namna ya kuwaacha watoto. Ukiwatoa watoto ndani yake, inabaki nini? Hali ya hewa!

Alipotokea tena Jumamosi nikajaribu njia nyingine. Nikawasalimia wote, yeye nikamruka. Lo! Nilizidi kuharibu. "We, mbona huyu umemruka?" akauliza yule Mkenya. "Mmekosana? Kuna nini?" Yule mama alianza kutokwa jasho, na nje theluji inaanguka. Nikasema sikumwona, nikampa mkono, wote wakatutazama kwa zamu, yeye, mimi, yeye.

Nikawaza sana kwenye treni ya kurudi Akalla. Nikimsalimia, anakimbia. Nikimruka peke yake, watu wanachimbua. Siwezi kueleza sababu, kwa kuwa nikisema tu kwamba kazini kuna watu nisioruhusiwa kuwasalimia, kabla hatujamaliza chai watakuwa wamemjua ni nani. Ilibaki njia moja. Nisimsalimie mtu yeyote.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hawakutuambia mwosha anakula na nani.

Nikaanza kujifunza ububu. Nikitoka kituoni Rinkeby, niliinamia simu kama iliyoniletea habari za msiba. Kwenye duka la vyakula vyetu, nikisikia sauti ninayoijua nyuma ya magunia ya mchele, niligeukia mihogo nikaikagua mmoja mmoja mpaka mwenye sauti apite. Jumamosi niliingia na kutupa "hamjambo" moja tu, ya jumla, kwa ukuta, nikakaa. Mtu akinianza nilimjibu, mtoto wa mtu sikumtaja. Mwenyekiti alininyooshea mkono mlangoni, "Shikamoo yangu iko wapi?" nikaitoa haraka haraka nikiwa nimeangalia viatu, maana yule mama wa Kikongo alikuwa amesimama kando yake, na baada ya mwenyekiti ingekuwa zamu ya huyo. Wiki iliyofuata mwenyekiti aliunyoosha tena mkono, ila bila neno. Wiki ya tatu alikuwa anakata vitunguu, hakugeuka.

Na Jumanne kile kiti kikapata mtu. Nilipita kwenda kunywa maji, nikamwona amekaa, ameshika pochi yake magotini. Nilikunywa maji yale kwa furaha. Sikuwa na wa kumwambia.

Baridi ile ilinimaliza, sitadanganya. Watu hawakunifukuza, waliniacha tu. Simu ikapungua kulia. Mtu alijifungua, nikasikia habari kwenye treni kutoka kwa wanawake wawili waliokaa nyuma yangu, ambao zamani wangenipigia kabla ya kumpigia mkunga. Nyumbani nilijikuta naongea na sufuria. Nilimkasirikia msimamizi wangu na kahawa yake. Nilimkasirikia yule mama pia, kwa nini hakwenda kuomba msaada mtaa mwingine, Stockholm yote hii? Halafu naona haya, kwa sababu mtu anayezama hachagui gogo la kushika. Nilijikasirikia na mimi, kwa nini nisibaki na wazee wangu na soksi zao. Kuna jioni nilifika hadi mlango wa mwenyekiti kumweleza yote. Nikamsikia ndani anacheka na wajukuu. Mdomo uliponza kichwa, nikajiambia, na hiki kichwa si chako. Nikageuka.

Ilipofika majira ya kuchanua maua, mwenyekiti akabatiza mjukuu. Sherehe ilifanyika Upplands Väsby, kwenye ukumbi karibu na kanisa lao, na akanialika. Aliyeniletea ujumbe alinipa na onyo: "Mama anasema uje, ana neno na wewe." Nilivaa gauni langu la kitenge, nikabeba zawadi ya mtoto, nikapanda treni kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani.

Tulikuwa tumeshakula nusu pale mwenyekiti alipokuja na kiti chake, akakiweka mbele yangu. Wanawake wakasogea. Yule mama wa Kikongo alikuwa meza ya pili, amevaa lesi nyeupe, na watoto wake wote watatu.

"Nnyabo," mwenyekiti akaanza, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Mimi nilikulaza hapa," akajipiga paja. "Leo nataka kujua. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Basi kuna mtu hapa ndani amekukosea. Mtaje. Tutakaa chini, tutapatana, sisi si watu wa kununiana. Ni nani?"

 Macho yalianza kuzunguka, uso hadi uso, kumtafuta huyo mtu. Sikutazama meza ya pili. Nilisikia tu uma ukigonga sahani pale, tik, tik, tik. Ningeweza kusema, mama, ni kazi yangu, kuna mtu ninamsitiri. Ningekuwa nimejiokoa, na yeye wangempata kabla keki haijakatwa.

"Ni kiburi tu, mama," nikasema. "Nimesoma. Kimenipanda kichwani."

Nilimwona anavyonitazama. Alikuwa ananisubiri nicheke, niseme natania. Sikucheka.

"Banange," alisema polepole. "Kumbe ni hilo tu?"

Hapo ikapaa sauti kubwa kutoka meza ya pili. "Ee, si nilibaambia! Madame amekuwa Muzungu! Hata jambo iko nzito kwa kinywa yake!" Alikuwa amesimama, amejishika kiuno, anarudisha kichwa nyuma kama zamani. "Labda tukamate randevu kwanza, ndiyo atusalimie!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka wakashikana mabega, wengine wakagonga meza. Randevu! Yaani miadi! Yeye wa kusema randevu, yeye niliyemhesabia Jumanne zake kuliko siku zangu za kulipwa! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilishika kingo za kiti, nikainuka nusu. Naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Ndipo yule mtoto wake mdogo, akikimbizana na wenzake, akampamia mama yake na glasi ya juisi nyekundu. Yote ikaishia kwenye ile lesi nyeupe, kuanzia kifuani hadi magotini. Kicheko kilikatika. Wanawake waliokaa karibu walivuta viti nyuma, maana tunamjua. Nami nikabaki vile vile, si kukaa, si kusimama, namtazama mtoto.

Hakukimbia. Alisimama pale pale mbele ya mama yake na glasi yake tupu, akauangalia ule uharibifu, akauinua uso juu. "Förlåt, mamma," alisema. Alikuwa anaomba samahani kama mtoto anayejua atasamehewa.

"Ah, papa," mama yake alimwambia, "umenipaka rangi. Enda uletee mama kitambaa." Mtoto akaenda anarukaruka. Yeye akaitazama lesi yake, akatikisa kichwa, akakaa, na akaendelea kunicheka pale alipokuwa ameachia.

Nilikaa. Nilivuta sahani yangu, nikala. Machozi yalinitoka yakaingia kwenye pilau nami nikaendelea kula, na waliokuwa karibu nami walidhani nalia kwa aibu, wakageuza nyuso ili wasinione. Mwenyekiti alikuwa ameshabeba kiti chake. Tangu siku ile hakuna aliyenialika tena, na kazi nimeipata, ni pale pale Soshalen.